Kabla ya kusema "mtandao haupo", tusome kilichoandikwa

Wiki iliyopita, katika duka moja la steshenari hapa Kirumba, fundi alimwambia binti aliyevuka kwa meli kutoka Ukerewe kuja kutuma maombi ya chuo kwamba mtandao haupo, arudi kesho. Majibu ya ping, kile kipimo cha kutuma ujumbe mfupi kwa kifaa kingine na kusubiri kiitikie, yalikuwa bado yanasomeka kwenye kioo: "Reply from 192.168.1.14: Destination host unreachable", yaani jibu kutoka anwani hiyo kwamba kinachotafutwa hakifikiki. Iliniuma sana, kwa sababu maelezo yote yalikuwa pale na hakuna aliyejishughulisha kuyasoma.

Anwani hiyo ilikuwa ya kompyuta hiyohiyo. Ilikuwa imeiita ruta iliyomo chumbani, kifaa kinachounganisha duka na mtandao wa nje, haikuitikiwa, ikajijibu yenyewe kwamba haina pa kupitishia pakiti, yaani vipande vya data; kwa hiyo kosa lilikuwa kati ya meza na ruta, kwenye waya, swichi inayounganisha kompyuta za duka, au ruta yenyewe, na mtoa huduma hakuhusika hata kidogo. Kama ujumbe huohuo ungetoka kwenye anwani ya ruta, basi ruta imefikika ila haioni njia ya mbele, na hapo ndipo mtoa huduma apigiwe simu. Ubaya zaidi ni kwamba Windows huhesabu ujumbe huo kuwa jibu lililopokelewa: pakiti 4 zimetumwa, 4 zimepokelewa, upotevu asilimia 0. Anayetazama mstari huo wa mwisho peke yake hudhani njia ni nzima.

"Request timed out" ni habari nyingine kabisa: muda umekwisha bila jibu, na huenda seva imewekewa kinga isijibu ping ilhali tovuti yake inafunguka vizuri. Jina la tovuti lisipopatikana, ipigiwe ping 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google; ikijibu, tatizo ni DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba yapo makosa yaliyo nje ya uwezo wa fundi wa Mwanza. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, tuliathirika nchi nzima. Lakini tangu hapo bahari inasingiziwa hata waya uliochomoka chini ya meza, na anayelipa nauli ya kurudi ni mteja.

Ninawaomba wenye maduka jambo moja: fundi akishapiga ping, aandike kwenye daftari la kazi anwani iliyojibu pamoja na maneno yaliyotokea, neno kwa neno, kabla hajamwambia mteja lolote.