Lile Pilau Limeniponza

Kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi ninayoifanya mimi bure, tena nasonywa juu.

Faiba, yaani intaneti ya waya, nilifungiwa Januari 2023, hapa Tabata. Walikuja vijana watatu na ngazi moja, wakapitisha waya kwenye mwembe wa jirani, wakatoboa ukuta wangu kama wanatafuta maji, wakaning'iniza kisanduku cheupe chenye taa nne. Mkubwa wao akaniambia, "Mzee, taa ikiwa ya kijani, kula maisha. Ikiwa nyekundu, tupigie." Nimewapigia mpaka ule muziki wao wa kusubiria naujua kuliko nyimbo za kwaya yetu.

Nililipia kasi ya mega 20 kwa sekunde. Siku ya kwanza nashusha filamu, kompyuta inasoma mbili na nusu. Nikapiga simu na hasira zangu: "Nimelipa ishirini mnanipa mbili na nusu, hizo nyingine kala nani?" Dada wa watu, sauti tamu kama kashata, akanieleza kuwa wao wanauza kwa biti, kompyuta inahesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Nikagawa ishirini kwa nane kwenye karatasi ya chapati. Kweli bwana, mbili na nusu. Yaani unanunua nyanya, kumbe muuzaji anahesabu mbegu.

Hayo nimeshasamehe. Kinachonikera ni hili la kampuni yao kujisifu, "tunahudumia jamii." Nakiri, shule ya msingi walileta madawati, wakapiga picha na hundi kubwa kuliko mlango wa darasa. Timu ya mtaa inavaa jezi zao, ingawa inafungwa vilevile. Kilichokosekana ni intaneti. Waya umeishia barabarani na nyumba mbili tatu za mwanzo, yangu ikiwemo. Nilipouliza kwa nini hawaingii uchochoroni, nikajibiwa kuwa wateja hawatoshi.

Hawatoshi! Waje wakae barazani kwangu saa mbili usiku.

Alianza Mama Zawadi. "Shem, nipe nywila mara moja nimwangalizie mtoto matokeo." Matokeo ya kidato cha nne, utamnyima mtu? Binti akawa na divisheni wani, jioni likaletwa pilau, sahani imefunikwa kwa sahani. Nikala. Lile pilau ndilo lililoniponza, maana harufu yake ilitangaza mtaa mzima kwamba kwangu kuna huduma. Kesho yake akaja mwanafunzi anaomba mkopo wa chuo. Akafuata wa bodaboda anatafuta kontroo namba alipie faini. Fundi cherehani akahamia na kiti chake kabisa, anaangalia mitindo ya vitenge. Nikibadilisha nywila, watoto wangu wanaiuza kwa pipi kabla jua halijazama.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga 5-1. Mimi ni Simba, tuyaache. Ila kwenye simu yangu kigurudumu kinazunguka tu, huku nyumba ya nyuma wanaangalia bila shida kwa intaneti yangu mimi. Kila goli nalisikia kwanza ukutani, nusu dakika baadaye nalishuhudia. Wenzangu walifungwa tano. Mimi nilifungwa kumi.

Basi ikafika Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Intaneti ikasinzia nchi nzima. Jumatatu asubuhi nafungua mlango, baraza limejaa, wamekunja nyuso kama nimekula hela za kikoba.

"Shem, vipi?"

Nikawaeleza kuwa mikongo miwili, yaani nyaya kubwa za intaneti, EASSy na Seacom, imekatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Mama Zawadi akakitazama kisanduku, akanitazama mimi. "Bahari ya Msumbiji inaingiaje kwenye ukuta wako?"

Nikajitahidi. Nikasema hizi picha na video nyingi zinatoka mbali huko ng'ambo, zinapita chini ya bahari ndipo zinatufikia, na mkongo ukikatika lazima itafutwe meli maalumu iende kuuvua na kuuunga.

"Si waite fundi?" akasema fundi cherehani. "Mshono ni mshono."

Wa bodaboda akataka kujua itakuwa lini, aseme kwa saa. Mwanafunzi akasema maombi yake yatakwama, na kama atakosa mkopo nijue mimi ndiye niliyemkosesha. Nikaona wananizidi. Kinywa kikafunguka chenyewe, sauti ikatoka tamu kama kashata:

"Ndugu wateja wetu wapendwa, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Mafundi wetu wanalishughulikia."

Mama Zawadi akasonya, ule msonyo mrefu unaoanzia kisiginoni.

"Kwani lile pilau lilikuwa kifurushi cha wiki?"