Spana Namba 13 na Droo Zake

Spana namba 13 imelala kule mbele kabisa ya bodi ya pikapu, imejibanza kwenye ukuta wa kabini kama mtu aliyesusa. Iweke nyuma, piga breki moja tu, imeshahama. Kuifuata ni lazima mtu mzima mwenye heshima zake atambae kwa magoti juu ya bati la mawimbi, na magoti yenyewe ni yale yale, hayana spea. Haya, tutengeneze droo. Plaiwudi, reli, skrubu, kazi ya Jumamosi moja. Nani alisema Jumamosi moja? Aletwe hapa.

Kasha la kukalia droo ni plaiwudi ya 18 mm, droo zenyewe ni ya 12. Karatasi nzima ina 2440 kwa 1220, na hiyo nene ina kilo thelathini na ushee, kwa hiyo hujapakia hata msumari na gari limeshabeba abiria asiyelipa nauli. Halafu hiyo 18 ukiipima mara nyingi unakuta 17 na kitu. Ukiegemeza hesabu zote kwenye 18, kila kiungo kinakuibia kidogo kidogo, kimya kimya.

Msumeno nao unatoza kodi. Mtu anagawa 1220 kwa nne, anapata 305, anatabasamu. Kila mkato unakula 3 mm, mikato mitatu ni 9, kipande cha mwisho kinatoka 296. Anakigeuza, anakipima tena kuanzia upande wa pili, eti labda huko kimerefuka.

Nundu za matairi: pima kutoka nundu hadi nundu, punguza 10 mm, huo ndio upana wa kasha, funga mjadala. Mlango wa nyuma: ushushe kwanza uone kama unakaa juu kuliko sakafu ya bodi. Ukikaa juu, kasha liinuliwe kwa vipande vya mbao, la sivyo droo itaugonga siku ya uzinduzi, mbele za watu.

Hayo yote ni salamu tu. Kesi yenyewe ni reli.

Reli ya kawaida ya gololi, ile droo inayotelezea, inadai 12.7 mm kila upande. Nafasi ikiwa 500, droo iwe 474.6. Nukta sita! Kwa msumeno wa mkono na penseli butu! Basi droo inatoka 476, inapangwa kwenye reli, inasukumwa. Inaingia vizuri hadi nusu, halafu inagoma. Na ikigoma tu, hukosi mtu wa kusimama pembeni, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande.

"Imebana," anasema.

Asante sana, mkaguzi.

"Ungeipunguza kabla ya kuipachika."

Naam.

"Ipige nyundo kidogo, bosi, itazoea."

Itazoea! Ndani ya reli gololi zimepangwa kwenye kibati chembamba. Kigonge mara moja, kinapinda, gololi zinamwagika moja moja, ting, ting, ting, na zote zinakimbilia wapi? Mbele kabisa ya bodi, kwa shangazi yao spana. Kuichomoa droo kuna vijiti viwili vya plastiki nyeusi. Kwa reli nyingi, cha upande mmoja kinainuliwa na cha upande wa pili kinashushwa, kwa wakati mmoja, huku droo umeishikilia kwa tumbo. Mkaguzi hapo hashiki kitu. Anasema, "Polepole."

Na mara nyingi droo imesingiziwa. Mkosaji ni ukuta wa katikati wa kasha, umepinda tumbo. Pima nafasi mdomoni, katikati na mwisho: 500, 497, 500. Zile 3 mm ndizo zinazoshika droo koo. Kabla ya kufunga bamba la juu, kata kijiti cha 500 kamili, kitege katikati kiusukume ukuta, ndipo ufunge skrubu. Pima na pembe hadi pembe, mishazari yote miwili. Ikipishana 5 mm, kasha limekaa kama mtu mwenye begi zito bega moja. Na droo iwe nyembamba kwa milimita moja kuliko hesabu. Nyembamba unaipa kipande cha boksi nyuma ya reli, maisha yanaendelea. Pana unairanda, unaipiga msasa, unairanda tena, jua linazama, na mkaguzi bado yupo, safari hii ameleta mwenzake.

Skrubu zitangulizwe na tundu la keekee, maana plaiwudi ikichomwa ubavuni hivi hivi inafunguka kurasa. Kingo zipigwe vanishi mara tatu. Kingo ndizo zinazokunywa maji, zikivimba hesabu ya 12.7 imekwisha. Reli ziwe na kufuli, ama sivyo ukipanda mlima droo inaupiga mlango wa nyuma kwa ndani kama mgeni wa usiku. Kasha lenyewe likazwe kwa bolti nne za M8, yaani za unene wa 8 mm, na washa pana, kwa sababu droo yenye kilo 60 ikivutwa nje yote, kasha linainua kichwa. Ila kabla ya kutoboa, ingia uvunguni uangalie tangi la mafuta na mipira ya breki viko wapi. Kuna watu hutoboa kwanza.

Vichwa vya bolti hizo vinakaa chini ya droo. Vinafunguliwa kwa spana namba 13.

Na pikapu haijawahi kuwa ya mwenyewe. Vanishi haijakauka, mtu amefika na godoro.

"Hizo droo zinatoka?"

Hazitoki.

"Basi tuliweke juu tu. Kamba unayo?"

Ipo kwenye droo.

"Si uifungue?"

Godoro limeshapandishwa. Linaning'inia hadi chini ya mlango wa nyuma, limeziba vishikio vyote viwili, na mwenye godoro amekaa juu yake kulizuia lisipeperuke.