Mwezi Mmoja Bila Siasa za Washington

Julai 2019, gazeti la Desert Sun la Palm Springs, mji wa jangwani katika jimbo la California, liliziondoa siasa za kitaifa kwenye ukurasa wake wa maoni mwezi mzima. Trump, rais wa wakati huo, hakutajwa. Aliyetaka kuandika aliandika ya California na ya mtaani kwake: foleni za magari, majengo ya zamani na mengine ya aina hiyo.

Watafiti walilinganisha wasomaji wake na wa gazeti la Ventura, jimbo hilohilo, ambalo halikubadili kitu. Chuki ya kivyama haikuisha Palm Springs, ila ilikua taratibu kuliko Ventura.

Naona kwa nini. Ya Washington kila mtu ana maoni tayari, kayaokota kwenye televisheni jana usiku. Ya jimbo lazima uyatafute. Chukua kodi ya nyumba. Mwaka 1978 wapigakura wa California walipitisha Pendekezo la 13: kiwango cha msingi kisizidi asilimia 1 ya thamani iliyosajiliwa, na thamani hiyo isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, kwa kawaida mpaka nyumba iuzwe. Sasa tuseme kuna nyumba mbili za ramani moja, zinapakana ukuta. Bibi aliyenunua ya kwake miaka ya 1980 analipa kiduchu. Vijana waliohamia juzi wanalipa mara kadhaa ya hapo. Kila wiki wanasalimiana wakitoa mapipa ya taka. Bibi anaweza kuwa Democrat wa kufa na kupona na bado asitake sheria hiyo iguswe. Mwandishi akilishika jambo kama hili, msomaji hana jezi ya chama ya kukimbilia.

Lakini huo mpaka wa taifa na jimbo umechorwa kwa chaki. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na ugomvi wa karibu miaka 50 ukahamia kwenye mabunge ya majimbo. Barua ya msomaji ya siku hiyo ungeiweka fungu gani, la taifa au la jimbo? Halafu kuna woga, ambao watetezi wa habari za nyumbani hawapendi kuutaja. Rais hamjui mwandishi wa mji mdogo. Mwenye duka la magari anayelipia matangazo anamjua, na watoto wao wanakaa dawati moja.

Molly Ivins, mwandishi wa safu za magazeti aliyefariki 2007, alilichambua kwa kejeli bunge la Texas, ambalo kikao chake cha kawaida ni siku 140 tu kila miaka miwili. Washington nako hakukuacha. Utamu wake haukutoka kwenye mada. Alikuwa amekaa na wabunge hao hadi akajua wanavyoongea.

Kwa hiyo katazo la kudumu silitaki. La mwezi mmoja, kama mfungo, nalikubali.

Kinachonikera ni kwamba mjadala wenyewe unaishiwa uwanja. Mwaka 2022 Gannett, kampuni iliyomiliki Desert Sun wakati huo, iliyahimiza magazeti yake yapunguze kurasa za maoni, ikisema hazisomwi sana na zinawakimbiza wateja. Huenda ni kweli. Basi yule bibi na majirani zake waulizane wenyewe pale kwenye mapipa kwa nini bili zao hazifanani.