Kabla ya Kuuliza Chuo Gani, Uliza Nani Analipa

Mwanafunzi wa kigeni anayetaka kusomea udaktari na utafiti kwa pamoja nchini Marekani huanza kwa kuorodhesha vyuo vyenye majina makubwa, kisha anakesha akihangaikia alama za MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Wengi hawakwamishwi na alama. Wanakwamishwa na fedha, kwa masharti ambayo hakuna insha wala barua ya mapendekezo inayoweza kuyabadili.

Programu za MD-PhD (MD ni shahada ya udaktari, PhD ni ya utafiti) zenye hadhi ya MSTP, mpango wa kufundisha madaktari-watafiti, hupata ruzuku ya mafunzo iitwayo T32 kutoka NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayogharimia utafiti wa afya. Mpango huo ulianza mwaka 1964, na fedha zake hulipia raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu pekee. Mkurugenzi wa programu anaweza kukupenda kwa moyo wote na bado asiweze kukuwekea hata senti moja ya ruzuku hiyo. Ndiyo maana programu inayopokea wenye viza ni ile yenye mfuko mwingine: fedha za chuo chenyewe, au za wafadhili wasiojali pasipoti.

Hapa pana jambo ambalo waombaji wengi hawalijui. Masomo haya huchukua takribani miaka 8: miwili ya udaktari darasani, karibu minne ya PhD maabara, kisha miwili ya wodini. Miaka ya PhD si tatizo kubwa. Kiongozi wa maabara mwenye R01, ruzuku ya NIH ya mradi wa utafiti, anaruhusiwa kumlipa mwanafunzi wa uraia wowote, sawa na anavyowalipa wanafunzi wengine wa PhD. Shida iko kwenye ile miaka minne ya udaktari, mwanzoni na mwishoni, wakati humfanyii mtu yeyote utafiti na ada ni kubwa. Chuo kikikwambia kwamba "wanafunzi wetu hufadhiliwa", uliza ni miaka ipi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, andikia ofisi ya programu barua pepe fupi yenye maswali mawili. La kwanza: je, mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hulipiwa ada na posho kwa miaka yote, ikiwemo ya udaktari? La pili: katika miaka mitano iliyopita, ni wangapi wenye viza walioanza masomo kwenu? Jibu la "tunakaribisha maombi kutoka kwa kila mtu" si jibu. Kukaribisha maombi hakumgharimu mtu. Kama idadi ni sifuri kwa miaka mitano, ondoa chuo hicho kwenye orodha hata kama jina lake linatajwa dunia nzima. Hifadhidata ya MSAR inayotolewa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, inaonyesha vyuo vinavyopokea wageni, lakini inazungumzia zaidi MD ya kawaida. Haimalizi swali la ufadhili wa MD-PhD.

Baadhi ya vyuo vitakuuliza kama ungependa kufikiriwa kwa MD pekee ukikosa nafasi ya MD-PhD. Usikubali kwa mazoea. Mwenye F-1 hapati mikopo ya serikali ya Marekani, na mikopo binafsi kwa kawaida hudai mdhamini raia au mkaazi wa kudumu. Tena viko vyuo vinavyomtaka mwanafunzi wa kigeni aweke benki, kwenye akaunti maalumu, ada ya mwaka mmoja au hata ya miaka yote minne kabla ya kupewa fomu ya I-20 ya kuombea viza. Kukubaliwa kwa namna hiyo kunaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko kukataliwa.

Ukuta wa pili ni shahada. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi, hauhakiki transkripti za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada, na wastani wako wa alama za huko hautakokotolewa. Vyuo vingi navyo hutaka shahada ya kwanza ya Marekani au Kanada, au angalau kiasi fulani cha masomo ya sayansi yaliyosomwa huko. Mwenye shahada ya nyumbani peke yake, hata iwe ya daraja la juu kabisa, mara nyingi huondolewa kabla mtu hajasoma insha yake. Shahada ya uzamili iliyosomwa Marekani husaidia baadhi ya vyuo kukuangalia, si vyote, kwa hiyo liulize na hilo kwenye barua pepe ileile.

Ratiba si ngumu. Fomu ya AMCAS hufunguliwa Mei, huanza kutumwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na masomo huanza mwaka unaofuata. Uwe umefanya MCAT (alama zake ni kuanzia 472 hadi 528) kabla ya hapo, ili Julai isikukute unasubiri matokeo wakati wengine wameshaanza kujaza fomu za pili za vyuo. Na weka bajeti kamili: msaada wa ada unaotolewa na AAMC haumhusu mwenye viza ya mwanafunzi.

Insha ndizo zinazostahili muda wako. Ziko tatu: ya kawaida yenye herufi 5,300, ya kwa nini MD-PhD yenye herufi 3,000, na ya uzoefu wa utafiti yenye herufi 10,000. Hii ya tatu ndiyo wanasayansi wa kamati husoma kwa kalamu mkononi, na ndiyo waombaji huiharibu kwa kuigeuza daftari la maabara. "Tulitumia PCR na western blot kuchunguza protini ya seli za ini" haisemi chochote. Nani aliuliza swali? Ulitegemea nini kitokee? Linganisha na hii: "Tulidhani protini ile hupungua kwa sababu jeni yake imezimwa. RNA yake ilikuwa palepale, ndipo nikapendekeza tupime kasi ya protini kuvunjwa." Sentensi chache tu, na msomaji ameona dhana, matokeo yaliyoipinga, na kichwa cha mwombaji kikifanya kazi. Andika "nili-" pale kazi ilipokuwa yako na "tuli-" pale ilipokuwa ya wote. Kwenye usaili utaulizwa, na anayekuuliza mara nyingi ametumia mbinu hiyohiyo kwa miaka mingi.

Barua za mapendekezo: kila msimamizi wa utafiti uliyefanya naye kazi kwa muda wa maana aandike. Ukimruka mmoja, kamati itajiuliza kulikoni.

Sasa kwa aliyekwisha kuwa daktari. Vyuo vya MD vya Marekani kwa kawaida havimrudishi darasani mtu mwenye shahada ya udaktari, na hata kufanya MCAT huenda akahitaji kibali maalumu. Kwake naona mlango wa MD-PhD si wa kuupigia hodi kabisa. Njia yake ni PhD yenye ufadhili, au kwenda moja kwa moja kwenye mafunzo ya ubingwa yenye mkondo wa utafiti, yanayojulikana kama PSTP. Kwa magonjwa ya ndani, mkondo wa bodi ya ABIM hupunguza mafunzo ya kliniki ya mwanzo kuwa miaka 2 badala ya 3, kisha huongeza miaka 3 ambayo asilimia 80 ya muda ni utafiti.

Kosa la njia hii ni la kalenda. Cheti cha ECFMG, ambacho daktari aliyesomea nje hukihitaji ili aingie mafunzo ya ubingwa Marekani, kinadai mitihani ya leseni ya Step 1 na Step 2 CK, na mitihani hiyo kwa kawaida isipishane zaidi ya miaka 7. Mtu akifanya Step 1 akiwa bado moto, halafu akaingia PhD ya miaka 6, anatoka huku saa imeshamgeukia. Kwa kuwa Step 1 tangu Januari 2022 hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu, hakuna alama ya juu ya kuiwahi. Ni bora kuipanga pamoja na Step 2 CK karibu na mwisho wa PhD, na katikati usiache kabisa kugusa wagonjwa, maana programu nyingi humtilia shaka aliyemaliza udaktari zamani.

Viza ya ubingwa nayo iamuliwe mapema. J-1, viza ya kubadilishana, ndiyo rahisi kupata, lakini inakudai urudi kwenu ukakae miaka 2 baada ya mafunzo. Msamaha wa sharti hilo wanaoutumia madaktari wengi, wa Conrad, hudai miaka 3 ya kliniki kwa muda wote katika eneo lenye upungufu wa madaktari, nao ndio wakati ambao mtafiti chipukizi anatakiwa awe maabara akiandika ruzuku yake ya kwanza. Upo msamaha mwingine kupitia wizara ya afya ya Marekani kwa ajili ya watafiti, ila ni mgumu zaidi. H-1B, viza ya kazi, haina sharti la kurudi, lakini aliyesomea udaktari nje anahitaji kufaulu Step 3 kwanza, na hospitali nyingi haziitoi. Ruzuku za kuanzia kazi za NIH kama K08 na K23 nazo zinataka uraia au ukaazi wa kudumu. K99/R00 ndiyo iliyo wazi kwa mwenye viza. Kwenye usaili wa PSTP, muulize mkurugenzi ni viza gani wanayotoa na ni fedha gani hulipa ile miaka mitatu ya utafiti, kwa sababu huko nako T32 inakusubiri.