Nimelala kwa Wazaramo

Mkazi wa Dar es Salaam huingia makumbusho akiwa na sare za shule, na akishamaliza shule harudi tena mpaka apate mgeni wa kumtembeza. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama nimepita nje yake miaka nenda miaka rudi. Nikisikia konda anaita "Makumbusho! Makumbusho mwisho!" akili yangu inakwenda stendi, kwa wauza mahindi ya kuchoma, wala haigusi nyumba za kale zilizo jirani tu pale.

Kilichonipeleka ni ukame wa maneno. Kazi yangu ni kuandika nyuma ya bajaji na daladala. Mtu anakuja na bajaji yake Manzese, tunapatana bei, ananunua rangi, halafu anageuza ndoo, anakaa, anasubiri nimpe maneno. Zamani yalikuwa yanatoka yenyewe. Siku hizi kila nikifungua mdomo linatoka "Mungu Mkubwa" au "Wivu wa Nini". Kijana mmoja wa Tandale hakunificha: "Fundi, hayo nimeyasoma njia nzima nikija hapa." Akabeba kopo lake la rangi, akaenda kwa jirani yangu, ambaye herufi zake zinapanda mlima.

Mke wangu, msikilizaji mkubwa wa wale vijana wanaohamasisha watu kwenye simu, akasema dawa anaijua. Kuna mmoja alikuwa anaeleza kwamba watu wa Paris wakikwama kimawazo wanaingia Louvre, makumbusho yao makubwa, wanasimama mbele ya picha, wanatoka wapya.

"Sasa mama Zuhura, Paris mimi nitafikaje?"

"Nani kakutajia Paris? Hapo Posta hakuna makumbusho?"

Akanitolea nauli kwenye pindo la kanga. Mke akikutolea nauli bila kuombwa, ujue umekuwa kero humo ndani.

Nikapanda mwendokasi, nikashuka Posta ya Zamani, nikakata mitaa kwa miguu mpaka Mtaa wa Shaaban Robert. Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa mwaka 1940 kwa heshima ya mfalme wa Uingereza, George wa Tano, lakini siku hizi anayetafutwa mle ni mkubwa kuliko mfalme: Zinjanthropus, ambaye fuvu lake Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, na umri wake unakaribia miaka milioni 1.75. Nikajipanga mbele yake, mikono nyuma, nikisubiri kuwa mpya. Ana magego ya kutisha. Wataalamu wenyewe walimpa jina la utani la mvunja njugu. Nikamtazama, akanitazama. Baada ya muda nikagundua kwamba katika sisi wawili, mimi ndiye niliyekuwa na njaa.

Nikaona bora niende kwa watu wa fani yangu. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alianza kuchora hapa mjini mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini wa dari. Mwaka 1972 akafariki, ila mtindo ukabaki na jina lake, na wachoraji wake wapo mpaka leo Oysterbay, pale Morogoro Stores. Mtu aliyetoka na rangi ya mafuta akafika mbali namna hiyo, mimi namheshimu kuliko Louvre nzima.

Nilimkuta kijana mmoja anamtia kanga madoa. Namsema kanga ndege. Doa moja, anachovya. Doa jingine, anachovya. Brashi yenyewe imebaki na nywele za kuhesabika, na kila doa linakaa duara safi bila kumgusa mwenzake. Nikamtazama mpaka akaona aibu.

"Braza, unataka picha?"

"Hapana mdogo wangu, nataka kujua. Mawazo unayatoa wapi?"

"Kodi ya nyumba," akasema bila kuinua kichwa. "Tarehe ikikaribia nachora hata kiboko kavaa suti."

Hilo ndilo jibu la sanaa lenye akili kuliko yote niliyowahi kusikia, na sikulipia hata senti. Laiti ningerudi nyumbani hapo hapo. Lakini mke alishasema "makumbusho", na nauli ilikuwa haijaisha, nikadandia bodaboda mpaka Kijitonyama. Stendi nikapiga chipsi mayai na soda baridi, ndipo nikaingia Kijijini, saa nane mchana, jua la Dar likiwa limesimama utosini.

Pale kuna nyumba za makabila, zimejengwa jinsi wenyewe walivyojenga. Msonge wa Wahaya, nyasi kuanzia kileleni mpaka chini. Tembe la udongo ambalo ukiingia unasahau kwamba nje kuna Barabara ya Bagamoyo na honi zake. Nilizizunguka kwa adabu, nikitikisa kichwa mbele ya kila kinu. Nilipofika nyumba ya Wazaramo, ya miti na udongo, paa la makuti, chipsi zilikuwa zimeanza kazi yake. Ndani giza. Ubaridi. Na kwenye kona, kitanda cha kamba.

Nilikusudia kukaa tu. Kukaa kukazaa kuegemea, kuegemea kukazaa kunyoosha mguu mmoja, na mguu mmoja haulali peke yake.

Kilichoniamsha ni mlio wa kamba. Kamba ile ilisukwa kwa ajili ya watu waliokula mihogo wakaenda shamba, si kwa kitambi cha fundi wa Manzese. Ikaachia katikati. Makalio yakagonga sakafu, magoti yakapanda masikioni, na fremu ikanibana huku na huku, nikabaki nimekunjika kama samaki kwenye jarife. Mikono ninayo, lakini haina pa kushika. Nilikuwa bado natafakari nianzie wapi, mlangoni kukaingia giza zaidi.

"Ingieni kwa mstari," sauti ya kike ikasema nje. "Msiguse kitu! Humo mtaona Wazaramo wa zamani walivyoishi."

Mwanamume mwenye akili angeita msaada. Mimi nikafumba macho, nikabana pumzi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: humu kuna giza, ni watoto, watadhani ni sanamu, watapita.

Wakaingia. Kimya. Kisha minong'ono.

"Kuna mtu."

"Si mtu, sanamu hilo."

"Mbona lina yeboyebo?"

"Wazaramo si walikuwa wanafanya biashara na Waarabu? Wamemletea."

Huyo wa mwisho atakuwa wakili. Mwingine, mtafiti, akanichoma kalamu tumboni. "Ni laini!" akawatangazia wenzake, na kalamu nyingine zikaja kuhakikisha. Nikauma meno. Hapo binti mmoja akapaza sauti kuelekea mlangoni:

"Madam! Huyu wa kitandani ni wa zamani gani?"

Madam alikuwa huko nje anahangaika na wale wanaotaka maji na wale wanaotaka choo. Hakuchungulia. "Wa kabla ya ukoloni!" akajibu. "Andikeni!"

Na wakaandika. Nilisikia kalamu zinavyokwaruza madaftari. Nimelala pale, mzaliwa wa Urambo, mlipa kodi ya pango Manzese, naingizwa kwenye historia ya taifa.

Simu yangu ikaita. Mama Zuhura, anataka kujua kama nimeshakuwa mpya. Mlio wake ni taarabu, na niliuweka juu kabisa kwa sababu ya kelele za kazini.

"Sanamu linapigiwa simu!"

Sijawahi kuona chumba kinatoka watu kwa kasi ile. Wengine walitoka kabla ya mlio wa pili. Viatu vilibaki. Nikiwa nimebaki na taarabu yangu, madam akaingia, akasimama, akanitazama kuanzia kwenye magoti, yaliyokuwa karibu zaidi, mpaka usoni.

"Habari yako kaka?"

"Nzuri tu madam," nikasema. "Karibuni."

Sijui kwa nini nilisema karibuni. Nadhani ni kitanda.

Akaitwa mzee mmoja anayehudumia pale. Alifika na ufunguo mkubwa mkononi, na kabla ya kunishika hata kidole akauliza, "Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi, mzee wangu."

Uso ukamng'aa. Msomaji asiyejua aelewe kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wanateremka pwani na meno ya tembo mabegani. Kwa mtani hakuna pole.

"Madam, waite watoto warudi," mzee akasema. "Hili ni somo. Babu zake walipita hapa na pembe za ndovu, tukawapa maji. Mjukuu kaja mikono mitupu, hakubisha hodi, kavunja kitanda cha babu yangu. Simtoi mpaka alipe faini."

"Mtani, nitoe kwanza."

"Faini kwanza. Mateka hapangi bei."

Tukapatana soda. Akaja mwenzake wa zamu, akadai ya kwake kwamba naye ni Mzaramo, ingawa lafudhi ilikuwa ya Kibosho kabisa. Ndipo wakanivuta, mmoja mkono, mwingine mguu, watoto wakihesabu "moja, mbili, tatu!" nje ya dirisha. Ofisini nilijieleza, jina likaandikwa, nikaambiwa kitanda kina fundi wake nisikiguse tena. Nauli ya kurudi ilikuwa imeshanyweka, nikatembea kwa miguu mpaka Manzese.

Wiki hiyo hiyo alikuja mzee na bajaji chakavu, turubai limeshonwa kwa waya, anaomba maneno ya kuipa heshima. Sikufikiri hata. Nikachovya brashi, nikamwandikia KABLA YA UKOLONI, kubwa, kwa madoa ya kanga pembeni. Tangu hapo napokea bajaji mpaka jioni, na jirani wa herufi za mlima amepunguza salamu.

Lakini madam alikuwa amepiga picha. Picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na mmoja wa wale watafiti wa tumbo kumbe ni mjukuu wa shangazi yangu. Shangazi akapiga simu usiku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuona kazini."

Nikamweleza yote, tangu ukame wa maneno mpaka soda. Akanisikiliza kwa upole, akasema kazi ni kazi, nisione haya.

"Ila niulizie hapo," akaongeza. "Wanalipa kwa siku au kwa mwezi? Maana mzee wangu huku tangu astaafu anafanya hiyo hiyo, bure."