Redio ya Chumba Namba Sita

Redio ya Mzee Bandari ilipoingiwa na majini, mimi nilichanga shilingi elfu mbili za kisomo. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadai kwamba sikutoa ushirikiano.

Ninapanga Magomeni, nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uwani bomba na jiko, na mita moja ya Luku inayoleta nusu ya ugomvi wote wa nyumba ile. Mzee Bandari, aliyestaafu bandarini na jina likabaki, yuko namba tano. Ukuta wake ndio ukuta wangu. Mama mwenye nyumba amejichagulia chumba cha mlangoni, mahali pazuri pa kumwona kila anayeingia na alichobeba. Kwa hiyo siku niliyoingia na tivii ya chogo begani, chogo limetangulia mimi nafuata, nilikutana naye uso kwa uso.

"Baba, hiyo tena ya nini?"

"Ya pambo tu, mama. Mbovu hiyo."

Ilikuwa nzima. Tena haikuwa peke yake. Kwenye mfuko wa plastiki nilikuwa na Famicom.

Kama ulikua miaka ya tisini ukiwa na shilingi ya kwenda kwenye kibanda cha gemu, Famicom umeicheza bila kuijua. Yale magemu yetu ya kaseti yalikuwa nakala za Kichina za mashine hii, iliyotolewa na Nintendo huko Japani tarehe 15 Julai 1983. Sisi tulicheza mtoto wa kambo, mama mzazi hatukuwahi kumwona. Na mimi nilikuwa bado nimetunza kaseti yangu ya utotoni, ya njano, ile iliyoandikwa kwamba ina michezo 9,999,999. Tuliwahi kukaa kuihesabu, mimi na wenzangu. Haikufika mbali ikaanza kujirudia: Mario yuleyule, ila safari hii anaanzia hatua ya pili.

Basi nilikuwa napita kwenye godauni moja la mitumba ya Japani, pale wanaposhusha friji, baiskeli na makochi kutoka kwenye kontena, nikakiona kiboksi cheupe na chekundu kimelala juu ya rundo la mapasi. Muuzaji alikuwa amekipanga pamoja na vifaa vya hospitali. "Hicho cha kupimia presha, bosi," akaniambia, akanionyesha zile padi mbili zenye nyaya. "Unashika huku na huku." Sikumbishia. Mtu akikuuzia dhahabu kwa bei ya shaba huanzi kumsomesha. Nilimlipa elfu thelathini na tano, nikaongeza elfu thelathini nyingine ya tivii ndogo ya Kijapani, inchi 14. Ile kaseti yangu ya njano niliijaribu palepale dukani, ikaingia kwenye tundu kama imetoka safarini na kurudi kwao. Inaingia kwa sababu kaseti za zile nakala zina pini 60 kama za Famicom. Za ile Nintendo ya Marekani zina 72, hizo usihangaike nazo.

Sasa, vitu vya Japani vinataka umeme wa volti 100. Ukivichomeka moja kwa moja kwenye 230 zetu utanusa harufu ambayo hutaisahau. Ikabidi ninunue transfoma ya kushusha umeme, pande la chuma lenye uzito wa mtoto wa miaka miwili, ambalo linanguruma hata ukiwa hufanyi chochote. Nililifunika kwa kanga. Maana mchango wa Luku wa mwenye taa na chaji ya simu ni elfu tano, na mwenye "vifaa" ni elfu kumi. Mimi kwenye daftari la mama niliandikwa taa na chaji.

Kosa la kiufundi lilikuja kwenye waya. Famicom haina waya wa AV, ule wa kupeleka picha na sauti moja kwa moja kwenye tivii; inatoa picha kama kituo cha televisheni, kwa masafa, na mwenyewe unaiambia itoke chaneli 1 au 2 kwa kiswichi cha nyuma. Inakuja na kisanduku chake cha kuunganishia kwenye antena. Muuzaji wa vifaa vya presha hakuwa nacho. Nikanunua spliti, kile kigawanyo cha waya wa antena, upande mmoja nikapeleka kwenye tivii, na upande wa pili, kwa kuwa ulikuwa umebaki wazi na mimi sipendi kitu kibaki wazi, nikachomeka ile kebo ya antena ya zamani inayopanda juu ya bati. Antena ile ilikuwa haina kazi tangu analojia izimwe Dar es Salaam mwisho wa 2012. Niliona itasaidia kusafisha picha. Usiniulize kivipi.

Picha ikatoka safi! Mario huyo, 1985, hajazeeka hata unywele. Nilikaa chini sakafuni kama nina miaka tisa. Sauti nikaipunguza karibu na sifuri, mama asisikie pambo linaimba. Na wala sikupuliza kaseti. Siku hizi najua kwamba yale mate tuliyokuwa tukipulizia yalikuwa yanaziozesha pini tu. Kilichokuwa kinasaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha.

Usiku wa pili Mzee Bandari akaanza kulalamika. Redio yake, kila ikifika saa tatu, inaacha kutangaza inapiga kinanda. Usiku wa tatu akawaita watu washuhudie. Mimi sikutoka, nilikuwa nimefika kwenye ngome ya nne.

Asubuhi kikao uwani. Mzee anasema ni kinanda, kisha kimya, kisha sauti kama mtu anaruka, "ptwii, ptwii," kisha kama anakufa. Mama Vitumbua akasema nyumba ya tatu kutoka pale waliwahi kupatwa na jambo hilohilo, wakaja kugundua kuna kitu kimefukiwa. Mama mwenye nyumba akapitisha bakuli la kisomo. Na mimi, kwa uso wa mtu mwenye uzoefu, nikasema majini ya mjini hupenda sana vyombo vya umeme. Nikaweka elfu mbili zangu. Kisomo kikasomwa Alhamisi, ubani ukafukizwa, na kwa heshima ya shughuli usiku ule sikucheza. Redio ikatulia kabisa. Shehe akapewa sifa zake.

Jumamosi ilikuwa mechi ya watani, Simba na Yanga. Nyumba nzima iko uwani, redio ya Mzee imetundikwa kwenye msumari wa dirishani, sauti mpaka mwisho. Mimi si mtu wa mpira. Nikaona hii ndiyo nafasi: kila mtu ana shughuli, hakuna wa kusikia transfoma. Nikafunga mlango, nikawasha.

Siku ile ndipo nilipoitazama vizuri padi ya pili. Ya kwanza ina vitufe vya kuanzia na kuchagulia. Ya pili haina. Badala yake ina vitundu vidogo na kiswichi cha kuteleza. Maikrofoni! Wajapani mwaka 1983 walimwekea mchezaji wa pili maikrofoni kwenye padi, na ukiongea humo sauti yako inatokea kwenye tivii. Nikapuliza. Tivii ikapuliza, kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa.

Naomba mnielewe. Mtu mzima, peke yake, amefunga mlango, ana maikrofoni, na nyuma yake muziki wa Mario unakwenda. Ungefanya nini wewe?

"Hapa ni Redio Chumba Namba Sita," nikasema taratibu, mdomo umegusa vitundu, "ikikutangazia kutoka Magomeni. Kwanza, habari kwa ufupi. Vitumbua vya mwezi huu vimeendelea kupungua unene. Wachunguzi wa mambo wanasema ukikiinua juu unaweza kuona jua."

Uwani kukawa kimya ghafla. Nikajua mechi imefika pagumu.

"Kumezuka pia taarifa za majini katika chumba namba tano. Mzee wetu ameapa amesikia kinanda. Madaktari wanaomba Mzee apunguze kahawa."

Kelele zikalipuka huko nje, watu wanapiga makofi, mtu anagonga sufuria. Goli hilo, nikasema moyoni.

"Na sasa habari za uchumi. Daftari la Luku linaonyesha kwamba namba sita ana taa moja na chaji ya simu. Kumbe, wasikilizaji, jamaa ana tivii ya chogo, ana gemu, na ana transfoma kubwa kama jiwe la kusagia, imefunikwa kanga. Analipa elfu tano, anacheza mpaka saa saba za usiku. Mama hana habari!"

Nje kelele za ajabu. Watoto wanapiga vigelegele. Hata mimi asiyependa mpira nikapata hamu. Nikaisogeza tena padi mdomoni, kwa sauti ileile ya utangazaji:

"Wasikilizaji, tungependa kujua, nani kafunga?"

Jibu likaja kutoka uwani, kwa sauti moja, wakubwa kwa wadogo, likapita juu ya ukuta na chini ya mlango:

"Umejifunga mwenyewe!"

Mario akaingia shimoni palepale. Nilimsikia akifa mara mbili, mara ya kwanza kwenye tivii yangu, mara ya pili kwenye redio ya Mzee.

Nilipotoka, walikuwa wamenipangia mstari. Mama mwenye nyumba katikati, daftari la Luku mkononi. Sijui alilifuata saa ngapi. Mama Vitumbua ameshika mwiko. Mzee Bandari hakusema kitu, alinionyesha tu kidole dirishani, na hapo ndipo nilipoelewa. Aerio ya redio yake ilivunjika zamani. Kipande cha waya alikuwa amekizungushia kwenye kebo ya antena iliyokufa, ile inayoshuka ukutani kutoka kwenye bati, ileile ambayo mimi chini kule nilikuwa nimeichomeka kwenye spliti.

Fundi redio wa mtaani, aliyekuja kwa ajili ya mechi, ndiye aliyenimalizia kesi. Akauliza gemu limewekwa chaneli gani. Moja. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Japani redio zao za FM zilianzia megahezi 76 na kuishia 90, na juu ya hapo wakaanzisha chaneli za televisheni. Sauti ya chaneli 1 ya kwao inatoka kwenye 95.75. Kwetu sisi hapo ni katikati ya FM. Kila nilipowasha gemu nilikuwa nafungua kituo, na msikilizaji wangu mmoja nilikuwa nimemuunga kwa waya.

"Kwa hiyo majini hakuna?" akauliza mama mwenye nyumba.

"Hakuna, mama. Lilikuwa gemu tu. Ile sauti ya kuruka ni Mario, ule muziki wa haraka ni wa ardhini, na ule wa polepole ndio wa majini."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Si umesema hakuna?"

"Namaanisha kwenye maji, mama. Anaogelea."

"Nani anaogelea?"

"Mario."

"Naye analipa kodi?"

Nilitozwa elfu kumi ya mwezi ule na Luku ya nyumba nzima ya mwezi uliofuata. Nikathubutu kuulizia elfu mbili zangu za kisomo. Nikaambiwa kisomo kilifanya kazi, mbona mwenye kufanya vituko amepatikana? Mama Vitumbua kwa wiki mbili alinichagulia vile vyembamba kuliko vyote, na kila kimoja alikiinua kwanza juani kabla ya kunipa. Watoto wa uwani hawajaacha kuniita Mtangazaji.

Fundi aliifungua Famicom, akachukua picha na sauti moja kwa moja kwenye bodi, akatoa waya wa AV. Ikawa haipiti tena kwenye masafa. Kebo ya antena nikaikata kwa mkono wangu, mashahidi wakiwepo.

Kama siku tano hivi baadaye, usiku, nimeshazima taa, nikasikia ukuta unagongwa kwa vidole. Mzee Bandari.

"Bwana mdogo, umelala?"

"Bado, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Ule wa majini," akasema, "ndiyo basi tena?"