Mkanda wa taimingi kwenye gari la mtumba: nani anaweza kusubiri?

Kwa magari mengi ya Japani yenye mkanda wa taimingi (mkanda wa mpira ndani ya injini unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati mmoja na mwendo wa pistoni), kitabu cha gari kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Aliyelinunua gari likiwa jipya hana cha kubishana. Ubishi ni wetu sisi tunaolipokea bandarini Mombasa au Dar es Salaam likiwa na miaka yake, na odometa ambayo pengine imerudishwa nyuma.

Wapo mafundi wanaosema gari likishashuka melini, mkanda utoke. Wengine wanaona huko ni kutupa pesa, na si ubahili mtupu. Mkanda halisi uliokuja na gari unaweza kudumu kuliko wa bandia utakaouziwa dukani, na fundi akikosea alama za kuufungia kwa jino moja tu la mkanda, gari lililoingia gereji likiwa zima linatoka likitetemeka.

Mimi ningetazama injini kwanza. Corolla yenye injini ya 5A-FE mkanda ukikatika, gari linazima. Unavutwa, unafungiwa mpya, safari inaendelea, kwa sababu valvu zake hazifikii pistoni. Subaru Forester yenye injini ya EJ20 haina huruma hiyo. Valvu zinagongwa na pistoni na kupinda, hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) inafunguliwa. Anayesubiri na Corolla namwelewa. Wa Subaru simwelewi. (Mwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE akiambiwa mkanda wake wa taimingi umechoka, atafute fundi mwingine. Ile ni cheni.)

Halafu fungua boneti utafute stika. Gereji za Japani huandika tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Ukikuta H20, huo ni mwaka wa 20 wa Heisei, enzi ya kalenda ya Kijapani, yaani 2008: mkanda umezeeka hata kama odometa inasoma 60,000 tu, maana mpira unachakazwa pia na joto na umri, na foleni ya Nairobi huuzungusha saa nzima bila kuongeza kilomita za maana. Taa ya T-BELT ya Prado za dizeli, inayowaka kwenye dashibodi kukumbusha mkanda ubadilishwe, nayo usiitegemee sana. Inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa.

Stika ikikosekana na injini ni ya kupinda valvu, ningebadilisha bila kungoja, pamoja na tenshena, kifaa kinachoukaza mkanda. Kwa Subaru ningeongeza pampu ya maji, kwa kuwa inazungushwa na mkanda huohuo na ufundi ni uleule. Na mkanda wa zamani ningeudai mkononi kabla ya kulipa.